Jibu Litarudi Wapi? Jinsi Kompyuta Inavyochagua Anwani ya Mtumaji

Ningependa unipe dakika chache nikueleze jambo ambalo sote hulitumia kila siku bila kulijua. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili waliponitaka niandike, walitarajia hadithi au shairi. Mimi nikaomba ruhusa niandike somo la kompyuta, tena kwa Kiswahili, ili wale wasemao ati lugha yetu haiwezi mambo ya sayansi wapate jibu. Mlezi wa chama alikubali kwa sharti moja: kila neno gumu nilifafanue. Nitajaribu, nawe nivumilie.

KISA KILICHONIFANYA NISOME

Mjomba wangu ana saiba pale Ukunda. Kuna kompyuta sita. Moja ni ya mjomba mwenyewe, na zile tano za wateja hupitia kwake kabla ya kufika kwenye intaneti. Kompyuta hiyo ya mjomba ina milango miwili ya kutokea: mmoja ni waya wa fiba, na wa pili ni modemu ya laini ya simu, ambayo ni ya akiba. Fiba ikilala, mjomba huigeuza njia na kuamrisha kila kitu kipite kwenye modemu.

Likizo moja, fiba ililala. Kwa bahati mbaya, siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya kutuma maombi ya nafasi za chuo, na mfumo ulikuwa ufungwe saa sita ya usiku. Mjomba akageuza njia kama kawaida. Kumbe wapi! Kompyuta zote tano zikawa zinazunguka tu, ukurasa haufunguki. Tukazima, tukawasha. Tukanunua bando jipya tukidhani la kwanza limekwisha. Hakuna. Watu watatu wakachoka wakaenda zao, mmoja wao kijana aliyetoka Ramisi, ambaye alituambia kwamba matatu ya mwisho itamwacha.

Saa nne hivi akaingia dada mmoja kutoka Msambweni, ameandamana na kakake.

"Shikamoo mjomba," akamwambia mjomba. "Nimesikia hapa ndipo bado pamefunguliwa."

"Marahaba mwanangu. Pamefunguliwa, lakini mtandao umetushinda."

Yule dada hakusema neno. Aliketi tu kitini, karatasi zake za matokeo mapajani. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta ya mjomba, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikafungua ukurasa mmoja pale pale. Ukafunguka mara moja! Nikapiga kelele, "Mjomba, hapa inafanya kazi!" Naye akaniitikia, "Mjomba, usinitanie." (Huku kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo.) Tukamketisha dada pale, akajaza, akatuma saa tano na nusu. Alipopata ujumbe wa kupokelewa, alilia.

Lakini mimi nilirudi nyumbani na swali. Mtandao ulikuwapo. Modemu ilikuwa nzima. Bando lilikuwapo. Kwa nini kompyuta moja iende na tano zikwame, ilhali zote zinatokea mlango ule ule? Na yule kijana wa Ramisi, je, aliwahi kupata mahali pengine? Sijamwona tena nikamuuliza. Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa kompyuta, naye hakunipa jibu. Alinipa swali jingine: "Pakiti zilipotoka, ziliandikwa anwani gani ya mtumaji?"

PAKITI NI NINI?

Unapotuma chochote kwenye mtandao, iwe picha au fomu ya maombi, kompyuta haikitumi kizima kizima. Hukikatakata katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti ni kama bahasha. Juu yake huandikwa anwani mbili: ya mpokeaji na ya mtumaji. Mpango huu wa anwani huitwa IP, na kanuni zake za toleo la 4, ambalo tunalitumia hadi leo, zilichapishwa Septemba 1981. Anwani ya toleo hilo ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.20.

Anwani ya mpokeaji si fumbo. Umetaka tovuti fulani, kompyuta hutafuta namba yake na kuiandika. Fumbo liko kwa mtumaji. Unaweza kusema, "Fumbo gani? Si iandike anwani yake tu?" Swali zuri. Tatizo ni kwamba anwani si ya kompyuta, bali ni ya mlango. Kompyuta yenye milango miwili ina anwani mbili, na mara nyingi zaidi ya mbili. Ni kama mtu mwenye masanduku mawili ya posta, moja Ukunda na moja Kwale. Akiandika barua, lazima achague ataandika S.L.P. ipi. Na uchaguzi huo si mchezo, kwani jibu litarudi pale alipoandika. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Pakiti nayo, hata ikizunguka dunia, jibu lake hurejea kwenye anwani ya mtumaji. Ukikosea hapo, barua yako itafika na bado hutajibiwa.

HATUA ZA KUCHAGUA

Hebu sasa tuione kompyuta ikifanya kazi. Nitatumia ile ya mjomba, inayotumia mfumo wa Linux. Mlango wa fiba una anwani 192.168.1.20. Mlango wa modemu una anwani 192.168.8.100.

Hatua ya kwanza: kompyuta hutazama anwani ya mpokeaji. Haianzi na yake. Huanza na ya mwenziwe.

Hatua ya pili: hufungua jedwali la njia. Hili ni orodha inayosema, "ukitaka kwenda mtaa fulani, toka mlango fulani". Ikiwa njia mbili zinafaa, hushika ile iliyotaja mahali kwa usahihi zaidi. Ni kama sisi wa Ukunda. Anayekwenda mjini Mombasa huelekea Likoni akavuka kwa feri. Anayekwenda upande wa Mariakani hupitia barabara ya Dongo Kundu, asiguse feri kabisa. Safari ndiyo inayoamua njia.

Hatua ya tatu: njia ikishajulikana, mlango nao umejulikana.

Hatua ya nne: kompyuta huchukua anwani ya mlango huo na kuiandika kuwa ya mtumaji. Ikiwa mlango una anwani kadhaa, Linux huipendelea ile iliyo mtaa mmoja na ruta ambayo pakiti itapitia. (Ruta ni chombo kinachopokea pakiti na kuzielekeza mbele.) Tena mwenye kompyuta anaweza kuandika ndani ya jedwali lenyewe, "ukipita njia hii, jiite hivi", na kompyuta itatii.

Tuangalie mifano, fiba ikiwa nzima:

1. Pakiti inakwenda kwenye printa, 192.168.1.50. Printa iko mtaa wa fiba, hivyo mtumaji ni 192.168.1.20.

2. Pakiti inakwenda kwenye modemu yenyewe, 192.168.8.1. Mtumaji ni 192.168.8.100.

3. Pakiti inakwenda mbali, tuseme 8.8.8.8. Haimo katika mitaa yetu miwili, basi hufuata njia ya "kwingine kote", yaani fiba. Mtumaji ni 192.168.1.20.

4. Kompyuta inajipelekea ujumbe yenyewe kwa 127.0.0.1. Mtumaji naye ni 127.0.0.1. Hii ni anwani ya kujisemesha, na haitoki nje ya kompyuta.

Sasa fiba ikilala, na mjomba akageuza njia ya "kwingine kote" ipite modemu, mfano wa 3 hubadilika peke yake. Pakiti ile ile ya 8.8.8.8 itaandikwa mtumaji 192.168.8.100. Hakuna aliyeiambia. Njia imebadilika, basi mlango umebadilika, na anwani imefuata.

KOSA LA USIKU ULE LILIKUWA WAPI?

Kama mambo ni rahisi hivyo, mbona tulikwama? Ni kwa sababu kanuni nilizotaja hufuatwa pale tu ambapo programu imeiachia kompyuta ichague. Programu ina haki ya kusema, "Hapana, mimi nataka anwani hii." Ikisema hivyo, kompyuta huiandika ile ile, alimradi ni mojawapo ya anwani zake.

Zile kompyuta tano za wateja zilikuwa zikipitia programu ya uwakala, maarufu kama proksi, iliyomo katika kompyuta ya mjomba. Proksi hupokea ombi la mteja, huenda intaneti kwa niaba yake, kisha humletea jibu. Mwalimu alikubali tukaenda naye Jumamosi. Tulipofungua faili ya mipangilio ya proksi, tukakuta mstari mmoja ulioandikwa na fundi zamani, kabla modemu haijanunuliwa, ukiamuru: pakiti zote zitoke kwa jina la 192.168.1.20.

Umeona sasa? Linux ilipotafuta njia, ilitazama anwani ya mpokeaji, ikapata mlango wa modemu. Lakini anwani ya mtumaji ilikwisha kuandikwa na proksi, ya fiba! Pakiti ikatoka mlango wa modemu na anwani ya mlango wa fiba. Modemu inaujua mtaa wa 192.168.8 tu. Haikuwa na njia ya kumrudishia jibu mtu wa 192.168.1. Ni sawa na kutia barua katika posta ya Ukunda huku umeandika S.L.P. ya Kwale ambayo sanduku lake limefungwa. Kompyuta ya mjomba, kwa upande wake, nilipoitumia moja kwa moja sikupitia proksi. Nayo ikachagua yenyewe, ikaandika 192.168.8.100, na jibu likarudi salama.

Tulifuta mstari ule mmoja, tukachomoa fiba kwa makusudi, tukageuza njia. Kompyuta zote tano zikafungua. Mjomba alisimama kimya, kisha akasema, "Kumbe wale watu watatu niliwafukuza kwa mstari mmoja." Sikupenda kumsikia akisema hivyo, maana hakuuandika yeye. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

TOLEO LA 6 NA KANUNI ZAKE

Anwani za toleo la 4 zina biti 32, kwa hivyo jumla yake ni 4,294,967,296. Ni nyingi, lakini haziwatoshi watu wote wa dunia na simu zao. Ndiyo sababu majumbani na mashuleni twatumia anwani za ndani, zilizotengwa rasmi mwaka 1996: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Anwani hizi hazisafiri katika intaneti. Pakiti ikifika kwenye ruta ya kutokea, ruta hufuta anwani ya ndani, huandika anwani ya umma, na huweka kumbukumbu ili jibu likirudi limfikie mwenyewe. Anwani za umma za Afrika husimamiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius.

Dawa ya upungufu huo ni toleo la 6, lenye biti 128. Katika toleo hili mlango mmoja huwa na anwani kadhaa kwa kawaida, si kwa nadra. Hapo kuchagua kunataka sheria. Sheria hizo ziliandikwa katika waraka RFC 3484 wa mwaka 2003, zikarekebishwa katika RFC 6724 wa mwaka 2012. Kompyuta hulinganisha anwani mbili mbili na kuzipitisha kwenye kanuni kwa mfululizo. Kanuni ya kwanza inayotofautisha ndiyo inayoamua. Nitataja zile ambazo nimezielewa vyema.

Kwanza, ikiwa mpokeaji ni wewe mwenyewe, tumia anwani ile ile.

Pili, tumia anwani ya upeo unaofaa. Kuna anwani zinazoanza na fe80 ambazo hutumika ndani ya mtaa mmoja tu. Hizi ni kama jina la nyumbani. Nyumbani waweza kuitwa Kibabu na kila mtu akajua ni wewe, lakini ukijaza fomu ya mtihani wa taifa kwa jina la Kibabu, cheti hutakiona.

Tatu, epuka anwani inayoelekea kustaafu ikiwa kuna iliyo hai.

Nne, pendelea anwani ya mlango utakaotokea. Laiti proksi ya mjomba ingeachiwa kanuni hii!

Tano, pendelea anwani ya muda kuliko ya kudumu. Anwani ya muda hubadilika kila baada ya kipindi, ili watu wa tovuti wasikufuate nyayo kila uendako. Waraka wa 2003 ulisema kinyume, yaani ya kudumu itangulie. Ule wa 2012 ukaigeuza kwa ajili ya kulinda faragha.

Mwisho kabisa, ikiwa bado zimelingana, chagua anwani inayofanana na ya mpokeaji kwa tarakimu nyingi zaidi kuanzia kushoto. Fikiria namba za posta. Mpokeaji yuko Msambweni, 80404. Wewe una sanduku Ukunda, 80400, na jingine Mombasa, 80100. Ya Ukunda inafanana na ya Msambweni kwa tarakimu nne za mwanzo. Ya Mombasa kwa mbili tu. Basi andika ya Ukunda. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe huhesabu biti.

MAMBO MATATU YA KUKUMBUKA

La kwanza: mazungumzo yaliyokwisha kuanza hayabadilishi anwani. Ukiwa unapakua kitabu kwa Wi-Fi, ukatoka nje na simu ikahamia kwenye bando, mara nyingi upakuaji hukatika. Ule ulikuwa umefungwa kwa anwani ya Wi-Fi. Mazungumzo mapya ndiyo yatakayochukua anwani mpya. Kwa hivyo mtandao ukibadilika, usikae ukitazama ukurasa uliokwama. Ufungue upya.

La pili: anayejibu sharti ajibu kwa anwani aliyoulizwa. Ukimuuliza Juma swali kwa barua, halafu jibu likaja limetiwa sahihi ya Hamisi, utalitilia shaka. Kompyuta nayo hulitupa. Seva yenye anwani mbili isipoangaliwa yaweza kuulizwa kwa moja na kujibu kwa nyingine, ikaonekana bubu kumbe inasema.

La tatu: anwani ya mtumaji yaweza kudanganywa. Kuna wahalifu wanaoandika anwani ya mtu mwingine ili majibu yamiminike kwake na kumzamisha. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 2000 kampuni za intaneti zimeshauriwa kuweka mlinzi getini: pakiti itokayo kwa mteja ikiwa na anwani isiyo ya mteja huyo, itupwe. Kwa hivyo anayeandika anwani isiyo ya mlango wake, hata kwa kukosea kama sisi, hutendewa kama mwongo. Nao walinzi wana haki.

ZOEZI

Ukipata nafasi kwenye kompyuta ya Linux, andika amri hii: ip route get 8.8.8.8. Utaona neno src, na mbele yake anwani ambayo kompyuta imeichagua. Kwenye Windows, ipconfig itakuonyesha anwani za milango yote, na route print itakuonyesha jedwali la njia. Kisha jibu maswali haya:

1. Kompyuta ina anwani 10.0.0.5 kwa waya na 192.168.8.100 kwa modemu. Njia ya "kwingine kote" ni modemu. Pakiti inakwenda 10.0.0.9. Mtumaji ataandikwa nani?

2. Kompyuta hiyo hiyo inatuma pakiti kwa 8.8.8.8. Je, sasa?

3. Kwa nini kubadilisha njia peke yake hakukutosha kule Ukunda?

Majibu ya mawili ya kwanza ni 10.0.0.5 na 192.168.8.100. La tatu nimekwisha kulijibu hapo juu. Ukilikosa, rudi usome tena.

Msomaji wangu, nimefika kikomo. Siku nyingine mtandao ukikugomea, usikimbilie kulaumu bando. Jiulize kwanza swali la mwalimu: pakiti imeandikwa anwani gani ya mtumaji? Nami yule kijana wa Ramisi, kama gazeti hili litamfikia, ningependa ajue kwamba kosa lilijulikana na limeondolewa. Akipita Ukunda tena, mlango uko wazi. Mjomba amesema hatamlipisha.

Wasalaam.